Lugha za Waelfi wa Giza na Mafunzo Yake kwa Kazi ya Istilahi

Utangulizi

Kazi ya kuunda maneno mapya hufanywa kwa namna nyingi. Iko ile ya mabaraza na kamati, ambamo wataalamu hukutana, hujadili orodha, husanifisha na kutangaza. Iko pia ile ya mtu mmoja aketiye peke yake na kubuni lugha nzima kwa ajili ya watu ambao hawapo duniani. Namna hii ya pili huonwa na wengi kuwa ni mchezo tu, usiostahili nafasi katika jarida la watu wenye shughuli. Lakini anayeunda lugha peke yake hukutana na matatizo yale yale yanayowakabili waundaji wa istilahi: neno litoke wapi, lifuate kanuni gani, nani atalikubali, na likisha kuchapishwa nani ana mamlaka ya kulibadili.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya lugha zilizobuniwa kwa ajili ya Waelfi wa Giza, yaani taifa la kubuni linalojitokeza katika hadithi za Ulaya Kaskazini na katika vitabu, michezo na filamu za karne ya 20 na ya 21. Baada ya historia hiyo tutaangalia mafunzo ambayo mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayeshughulika na lugha anaweza kuyapata.

Tatizo la jina lenyewe

Kabla ya kuingia katika historia yapasa tukubaliane juu ya jina. Viumbe hawa huitwa "elf" kwa Kiingereza, neno ambalo ni ndugu wa "álfr" la lugha ya kale ya Skandinavia. Mtafsiri akifuata desturi ya kuongeza irabu mwishoni anaweza kupata "elfu", ambalo kwa Kiswahili ni hesabu ya mia kumi. Akilichukua lile la Skandinavia atapata "alfu", ambalo nalo ni hesabu ile ile kwa umbo la zamani, kama ajuavyo kila aliyesoma Alfu Lela Ulela. Akikimbilia "elfi", na wingi wake "maelfi", bado atakuwa amesimama hatua moja tu kutoka "maelfu". Na habari ikisomwa redioni kwamba maelfi wamevuka mto, msikilizaji atauliza ni maelfu ya nani.

Wako watakaosema tutumie neno tulilo nalo: jini, pepo au zimwi. Lakini kila moja la maneno haya limekwisha kushika kazi yake. Jini ana mahali pake katika mafundisho ya dini na hawezi kuhamishwa humo bila kuzua maswali ambayo kitabu kinachotafsiriwa hakikuyakusudia. Zimwi katika ngano zetu hula watu. Pepo hupanda kichwani na hupungwa. Waelfi hawafanyi lolote kati ya hayo. Wao ni taifa, wana wafalme, wana ukoo, na zaidi ya yote wana lugha.

Kwa sababu hiyo tunaona inafaa kuwaingiza katika mpango wa majina ya mataifa: Mwelfi, Waelfi, Kielfi, kama vile Mwethiopia, Waethiopia. Kiambishi cha mwanzo kinaliondoa neno katika mgongano na hesabu, na wakati huo huo kinatupatia jina la lugha bila kuunda neno jingine. Hivyo ndivyo tutakavyowaita katika makala haya.

Chimbuko: Aislandi ya karne ya 13

Maandishi ya zamani yanayowagawa Waelfi katika mafungu yanatoka Aislandi. Mwanachuoni na mtawala Snorri Sturluson, aliyeishi kati ya mwaka 1179 na 1241, aliandika mnamo mwaka 1220 kitabu kinachojulikana kama Edda, akikusudia kuwafundisha washairi chipukizi visasili na mafumbo ya ushairi wa mababu zao. Humo anataja Waelfi wa aina mbili: "ljósálfar", yaani Waelfi wa mwanga, na "dökkálfar", yaani Waelfi wa giza. Wa kwanza wanakaa juu na sura zao zapita jua kwa uzuri. Wa pili wanakaa chini ya ardhi na ni weusi kupita lami. Mahali pengine katika kitabu hicho hicho analitaja neno la tatu, "svartálfar", yaani Waelfi weusi, na hao wanaonekana kuwa ni wale wale mbilikimo wahunzi wa chini ya ardhi.

Tuone basi kwamba tangu mwanzo pana maneno mawili yasiyolingana: "dökkr", lenye maana ya giza, na "svartr", lenye maana ya rangi nyeusi. Snorri hakueleza kama maneno hayo yanataja taifa moja au mawili, na wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Huu ndio mfano wa kwanza wa tatizo tutakalolirudia: mwandishi mmoja ametumia majina mawili bila kuyafafanua, na wote waliomfuata wamelazimika kuchagua. Katika maandishi hayo, isitoshe, Waelfi wa Giza hawana lugha yao wenyewe. Lugha walipewa baadaye sana.

Tolkien na kamusi

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika ya Kusini ya leo, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza mwaka 1895 akiwa bado mtoto mdogo. Wengi wanamjua kama mtunzi wa The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937, na The Lord of the Rings, kilichotoka mwaka 1954 na 1955. Lakini kazi yake ya mshahara ilikuwa lugha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, mwaka 1919 na 1920, akishughulikia historia ya maneno yanayoanza na herufi W. Tangu mwaka 1925 mpaka alipostaafu mwaka 1959 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kamusi kabla ya kuwa mtu wa hadithi, na mwenyewe alisisitiza kwamba lugha zilitangulia na hadithi zikafuata ili lugha hizo zipate ulimwengu wa kuishi.

Alipokuwa mwanafunzi, mwaka 1911, aliazima katika maktaba ya chuo chake sarufi ya Kifini iliyochapwa mwaka 1890. Kitabu hicho kilimvutia kupita kiasi, na kutoka humo ilichipuka lugha yake ya kwanza kubwa, Kikwenya, ambayo yeye aliiandika "Quenya". Mwandishi wa sarufi hiyo si mgeni katika historia yetu. Ni Sir Charles Eliot, yule yule aliyekuja baadaye kuwa Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki na mwakilishi wa Uingereza katika Unguja, akajiuzulu mwaka 1904 kufuatia mgogoro juu ya ugawaji wa ardhi kwa walowezi. Mtu aliyetoa ardhi ya wenyeji kwa wageni ndiye aliyempa Tolkien ufunguo wa lugha ya Waelfi. Historia ya lugha haiwachagui wapitishaji wake.

Kikwenya kina tabia ambazo msomaji wa Kiswahili hatazishangaa. Maneno yake hurefuka kwa viambishi. Neno "cirya" lina maana ya chombo cha baharini. "Ciryassë" ni chomboni, "ciryanna" ni kuelekea chomboni, "ciryallo" ni kutoka chomboni. Sisi tunatumia "-ni" moja kwa kazi hizo zote na kuachia kitenzi kieleze mwendo. Kikwenya kina kiambishi kwa kila mwelekeo.

Lugha ya pili ilitokana na Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa Wales, ambayo Tolkien aliipenda tangu utoto. Hiyo hatimaye iliitwa Kisindari. Wingi wake haujengwi mwanzoni wala mwishoni mwa neno bali ndani: "amon" ni kilima, "emyn" ni vilima, "adan" ni mwanadamu, "edain" ni wanadamu. Aidha konsonanti ya kwanza hubadilika kufuatana na neno lililotangulia. Jina la mtu wa lile taifa la watu wafupi ni "perian", lakini katika "Ernil i Pheriannath", yaani mwana wa mfalme wa watu wafupi, ile p imekuwa ph, ambayo hutamkwa f. Mwanafunzi akilalamika kwamba hilo ni gumu, mwalimu amwulize kwa nini ulimi mmoja unakuwa ndimi mbili, na kwa nini kamba ikawa ndefu na mti ukawa mrefu.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba lugha hizi mbili zimeunganishwa kwa kanuni. Tolkien alibuni kwanza lugha-mama, kisha akaipitisha katika mabadiliko ya sauti yaliyo na utaratibu. Penye "qu" katika Kikwenya, Kisindari kina "p": neno ni "quetta" kwa Kikwenya na "peth" kwa Kisindari, ndege wa majini mwenye shingo ndefu ni "alqua" kwa la kwanza na "alph" kwa la pili. Hii ndiyo njia ile ile ambayo wanaisimu walioshughulikia lugha za Kibantu, Carl Meinhof miongoni mwao katika kitabu chake cha mwaka 1899, waliifuata walipolinganisha "mti" wa Kiswahili na "umuthi" wa Kizulu, na "-tatu" yetu na "-thathu" yao. Wao walitoka kwa watoto wakimtafuta mama. Tolkien alimbuni mama akazaa watoto.

Wasemaji wa giza

Waelfi wa Tolkien walijiita "Quendi", na maana yake ni wasemaji, wale watumiao sauti. Walipoamka duniani hawakuona viumbe wengine wenye lugha, basi wakajiita kwa kile kilichowatofautisha. Baadaye waligawanyika. Wengine walisafiri kwenda magharibi, ng'ambo ya bahari, wakaiona nuru ya Miti Miwili iliyomulika nchi ya miungu. Hao wakaitwa "Calaquendi", wasemaji wa mwanga. Wengine walibaki njiani au walikataa kusafiri kabisa. Hao wakaitwa "Moriquendi", wasemaji wa giza. Habari hizi zilichapishwa katika The Silmarillion mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha mwandishi, chini ya uhariri wa mwanawe Christopher.

Ifahamike wazi kwamba giza hapa si rangi ya ngozi wala si ubaya wa tabia. Ni kutokuwahi kuuona mwanga fulani, mahali fulani, wakati fulani. Lakini jina lilitolewa na wale waliouona, nalo likawa na harufu ya dharau. Katika kitabu hicho hicho mwana mmoja wa wakuu waliotoka magharibi anamtukana mfalme Thingol kwa kumwita Mwelfi wa Giza aliyejificha mapangoni. Na kumbe Thingol alikuwa mmoja wa wachache sana katika nchi hizo waliowahi kuiona ile nuru kwa macho yao. Jina lilieleza zaidi kiburi cha mtoaji kuliko hali ya mpewaji.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na wote waliokubali mila za mjini walihesabiwa kuwa wamestaarabika, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya kujifanya Mwarabu. Leo tunasema "ustaarabu" bila kumfikiria Mwarabu yeyote, na hapana ubaya. Lakini mtu wa istilahi yampasa kukumbuka kwamba neno lilizaliwa mahali fulani na mtu fulani, na kwamba kila jina la watu lina upande liliposimama lilipotolewa.

Wale waliokataa safari tangu mwanzo waliitwa "Avari", yaani waliokataa. Hao ndio Waelfi wa Giza kwa maana iliyo kamili, na kuhusu lugha zao Tolkien alituachia karibu maneno sita tu, katika insha aliyoiandika mnamo mwaka 1959 na 1960 na iliyochapishwa mwaka 1994. Maneno hayo ni "kindi", ambalo kwa sadfa ni jina la mnyama wetu wa mitini, "cuind", "hwenti", "windan", "kinn-lai" na "penni". Yote sita ni neno moja. Ni "quendi" lile lile, wasemaji, kama lilivyogeuka katika makabila sita yaliyotawanyika.

Anayejua lugha za Kibantu hawezi kusoma orodha hiyo bila kuona jambo analolijua. Sisi husema watu. Wakikuyu husema andũ. Wazulu husema abantu. Wasukuma husema banhu. Washona husema vanhu. Wasemaji wa Kilingala husema bato. Wilhelm Bleek alipochagua jina "Bantu" na kulitumia katika sarufi linganishi yake ya mwaka 1862, alikuwa amelitwaa neno ambalo wasemaji wenyewe wanalitumia kujitaja. Tolkien alifanya vivyo hivyo kwa watu wasiokuwepo: waliotawanyika walipoteza mengi, lakini hawakupoteza jina la kujiita. Katika maneno yote ambayo angeweza kuwahifadhia Waelfi wa Giza alichagua hilo.

Lugha ya heshima na lugha ya matumizi

Historia ya Kisindari yenyewe ina funzo. Katika maandishi ya awali ya Tolkien lugha ile yenye sura ya Kiwelisi ilikuwa ya Wanoldo, taifa la Waelfi wa mwanga. Alipokuwa akikamilisha The Lord of the Rings alibadili shauri: lugha hiyo akawapa Wasindari, ambao walibaki upande huu wa bahari na hivyo kuhesabiwa miongoni mwa Waelfi wa Giza. Wanoldo waliporudi kutoka magharibi, walirudi na Kikwenya, lugha ya nuru, yenye vitabu na fahari. Lakini walikuwa wachache kati ya wengi, na mfalme Thingol aliposikia kwamba walikuwa wamemwaga damu ya jamaa zake alipiga marufuku lugha yao katika himaya yake yote.

Kikwenya hakikufa. Kilibaki lugha ya elimu, ya nyimbo na ya sherehe, kama Kilatini kilivyobaki Ulaya. Kisindari, lugha ya watu wa giza, ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, ya barabarani na ya vita, kwa wenyeji na kwa wageni pia. Wenye lugha ya heshima walijifunza lugha ya matumizi, wala si kinyume chake. Amri ya mfalme iliharakisha jambo hilo, lakini msingi wake ulikuwa wingi wa wasemaji na haja ya kuelewana.

Baada ya Tolkien

Waelfi wa Giza walipata sura nyingine Marekani. Mwaka 1977 na 1978 Gary Gygax aliwaingiza katika mchezo wa Dungeons & Dragons kwa jina la "drow", neno la Kiskoti lenye udugu na "trow", vijitu vya usiku katika ngano za visiwa vya Orkney na Shetland. Drow walikuwa na ngozi nyeusi, waliishi chini ya ardhi na walikuwa waovu. Yaani lile neno la Snorri la rangi lilishikwa na kutiwa tabia. Pamoja na usemi wao walipewa lugha ya ishara za mikono, ya kusemezana kimya gizani. Mwaka 2020 kampuni inayomiliki mchezo huo ilitangaza kwamba itabadili namna ya kuwaonyesha watu hao, kwa sababu maelezo ya zamani yalifanana mno na jinsi makabila ya kweli yalivyodharauliwa. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuona hivyo.

Mwaka 2013 filamu ya Thor: The Dark World iliwaleta Waelfi wa Giza wa Skandinavia kwenye sinema, na safari hii walikuwa na lugha kamili. Iliundwa na David J. Peterson, mwanaisimu wa Marekani, akaipa jina la Shiväisith. Peterson ndiye pia aliyeunda Kidothraki kwa ajili ya mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2011. Katika tangazo lililotolewa mwaka uliotangulia, Kiswahili kilitajwa miongoni mwa lugha zilizompa mawazo, pamoja na Kirusi, Kituruki, Kiestonia na Kiinuktitut. Katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya ufundi huu anashauri njia ile ile ya Tolkien: anza na lugha-mama, kisha iache ibadilike kwa kanuni. Kwa hiyo katika muda wa karne moja kazi iliyokuwa siri ya profesa imekuwa kazi ya kulipwa, yenye chama chake na vitabu vyake vya mafunzo.

Mafunzo kwa waundaji wa istilahi

Funzo la kwanza ni kwamba neno halizaliwi peke yake. Nguvu ya maneno ya Tolkien inatokana na mashina: ukijua kwamba "mor-" ni weusi au giza, utaielewa Mordor, utaielewa Moria, na utawaelewa Moriquendi hata kama hujawahi kuambiwa. Vivyo hivyo, istilahi inayotoka katika shina hai huja na jamaa zake: kutoka "-sema" tuna msemaji, usemi, msemo na msamiati wa sarufi usio haba. Istilahi iliyokopwa bila kuwezeshwa kuzaa hubaki mgeni sebuleni. Orodha ya istilahi ipangwe kwa koo, si kwa alfabeti peke yake.

Funzo la pili linahusu mtafsiri. Shina "mor-" linabeba rangi na ukosefu wa mwanga kwa pamoja, lakini Kiswahili kimetenga "-eusi" na "giza". Hapo mtafsiri hana budi kuchagua, na kila uchaguzi una matokeo. Mordor, ambayo mwandishi aliifasiri kuwa nchi nyeusi, iitwe Nchi Nyeusi. "Svartálfar" wa Snorri ni Waelfi weusi, na uaminifu unatutaka tuseme hivyo. Lakini Moriquendi ni Waelfi wa Giza, wala si Waelfi Weusi. Kijana wa Tabora au Mombasa anayesoma tafsiri ataliona neno "weusi" kuwa ni habari ya ngozi, na ataona kwamba weusi ndio waliowekwa chini. Mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza rangi pale ambapo mwandishi ametaja mwanga, kama vile hana ruhusa ya kuifuta pale ilipotajwa.

Funzo la tatu ni uzito wa matumizi. Kisindari kilikishinda Kikwenya. Kwetu "tarakilishi" na "ngamizi" ni maneno yaliyoundwa kwa fikira, lakini katika ofisi nyingi na madukani watu husema kompyuta. Na "rununu" bado inashindana na simu ya mkononi. Haifuati kutoka hapo kwamba mabaraza yakae kimya. Maneno kama "bunge" na "ikulu", yaliyotolewa katika lugha za bara, yalikubaliwa kwa sababu yaliingia mapema katika magazeti, redioni na katika hati za serikali, kabla watu hawajazoea jingine. Tofauti iko katika wakati na katika njia ya kuyapeleka kwa wananchi. Istilahi inayotoka miaka kumi baada ya kitu chenyewe kufika, inakuta nyumba ina mwenyewe.

Funzo la nne ni kumbukumbu. Tolkien alibadili lugha zake maisha yake yote, na karatasi zake bado zinachapishwa na majarida ya wachunguzi wake. Filamu za mwaka 2001 hadi 2003 zilipohitaji mazungumzo ya Kisindari, mwanaisimu David Salo alilazimika kuziba mapengo kwa kukisia kutoka mashina yaliyokuwepo. Na hadi leo wachunguzi hutenga kwa uangalifu maneno ya mwandishi na yale ya wafuasi. Kila orodha ya istilahi ingefaa kufanya hivyo: neno, mwaka, asili na aliyelipendekeza. Bila hayo mrithi hawezi kujua lipi ni shina na lipi ni kiraka.

Na hata mwundaji mwenyewe hana mamlaka yasiyo na mpaka. Mnamo mwaka 1968 Tolkien aliandika insha nzima kueleza kwamba "ros", lenye maana ya povu katika jina Elros, lilitoka katika lugha ya wanadamu wala si ya Waelfi. Kisha akakumbuka kwamba katika The Lord of the Rings kisiwa cha Cair Andros kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kisindari, na povu ndani yake. Akaandika pembeni kwamba sehemu kubwa ya hoja yake imevunjika. Kitabu kilikuwa mikononi mwa wasomaji. Neno halikuwa lake peke yake tena. Mtu aliyebuni lugha, watu na dunia yao alikubali kufungwa na ukurasa uliochapwa. Kamati zinazobadili istilahi moja kila toleo la orodha, na kuwaacha walimu wakiwa na vitabu visivyopatana, zingefaa kuliangalia jambo hilo.

Hitimisho

Tolkien aliwahi kudai, katika barua ya mwaka 1956, kwamba lugha za kubuni kama Kiesperanto zimekufa kwa sababu wabunifu wake hawakuzipa visasili. Katika hili hatukubaliani naye. Kiesperanto, kilichotangazwa na Ludwik Zamenhof mwaka 1887, kina wasemaji, fasihi na hata familia zinazolea watoto kwa lugha hiyo. Kikwenya kina visasili tele, lakini hakuna soko wala shule inayoendeshwa kwacho. Visasili huipa lugha uzuri. Wasemaji ndio huipa uhai.

Hata hivyo alikuwa na jambo moja aliloliona sawasawa, nalo limo katika yale maneno sita. Kati ya vyote ambavyo watu wanaweza kupokonywa, jina la kujiita ndilo la mwisho kutoka. Baraza la lugha linaposhughulikia jina la kabila, la ugonjwa, la kazi au la ulemavu, linashughulikia jambo ambalo mwenye jina ataishi nalo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza neno gani litafaa kwa wanaowataja watu hao, yafaa tuwaulize wao wenyewe wanajiitaje. Mara nyingi jibu liko tayari, nalo limekuwepo zamani kuliko kamati.